Pima prosesa kabla ya kununua kadi ya picha

KIJANA anayefungua kibanda cha michezo ya kompyuta Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, mara nyingi huanza na kompyuta kuukuu iliyokwisha kutumika ofisini. Michezo ikianza kukwamakwama, wateja huhama, naye hukimbilia Luthuli Avenue kutafuta kadi ya picha yenye nguvu zaidi. Fedha hizo zaweza kupotea bure.

Sababu ni kwamba kazi hugawanywa kati ya vifaa viwili. Prosesa hukokotoa mienendo ya wachezaji na mpira, kisha huiagiza kadi ichore picha. Ni kama wapishi wawili wa chapati: mmoja husukuma, mwingine hukaanga. Anayesukuma akiwa mzito, hata jiko la pili haliongezi chapati.

Ili skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde, kila picha yapaswa kuwa tayari kwa takriban milisekunde 17. Prosesa ikitumia milisekunde 20, mchezo hauwezi kupita picha 50 kwa sekunde, iwe kadi inachora kwa milisekunde 10 au 5.

Ipo njia ya kubaini kikwazo bila gharama. Kwanza, hakikisha kuwa mchezo haujawekewa kikomo cha kasi katika mipangilio yake. Kisha punguza nukta za picha, mathalan kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kasi ikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Isipobadilika, yaelekea prosesa ndiyo inayochelewesha kazi.

Umeme nao una mipaka. Kadi isiyo na waya wake wa umeme hupokea wati zisizozidi 75 kupitia ubao mkuu. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 iliundwa kutosheka na kiasi hicho. Kadi kubwa kuliko uwezo wa kompyuta ndogo ya ofisini yaweza kuizima katikati ya mchezo.

Kisha kuna joto. Chini ya paa la mabati, adhuhuri, prosesa na kadi zikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili zisiharibike. Hapo, kupangusa vumbi na kuipa mashine nafasi ya kupitisha hewa huenda kukafaa kuliko kifaa kipya.

Kwa mwenye kibanda anayelipwa mchezo mmoja baada ya mwingine, kipimo cha dakika chache chaweza kuokoa mapato ya wiki nyingi.