Mwanya kati ya Flaiwili na Kifuniko Chake katika Pikipiki ya Trialsi

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma linalofungwa kwenye ncha ya krenkshafti ya injini. Kazi yake ni kuhifadhi nishati ya mwendo wakati pistoni inaposukumwa na mlipuko, na kuirudisha nishati hiyo wakati pistoni haina msukumo. Katika pikipiki nyingi gurudumu hilo hubeba pia sumaku zinazozalisha umeme wa cheche.

Umuhimu wake huonekana zaidi katika mashindano ya trialsi. Mashindano haya si ya mbio. Mwendeshaji hupita juu ya majabali, magogo na mito kwa mwendo wa polepole, na kila aguspo ardhi kwa mguu hutozwa pointi. Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda mashindano ya siku sita ya Uskoti akiwa na pikipiki ya Bultaco ya Hispania, yenye injini ya mapigo mawili. Injini ya namna hiyo ni nyepesi, lakini huzimika kwa urahisi izungukapo polepole ikiwa flaiwili yake ni nyepesi pia. Ndiyo sababu waendeshaji wengi huongeza pete ya chuma juu ya flaiwili.

Faida ya uzito huo yaweza kukadiriwa. Tuchukue pete ya kilo 2 yenye nusu kipenyo cha wastani cha sentimita 6. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, pete huwa na nishati ya jouli 40 hivi. Kasi ikiongezeka mara tatu, nishati huongezeka mara tisa, yaani kufikia jouli 355 hivi. Kiasi hicho chatosha kuinua mwendeshaji pamoja na pikipiki yake, wenye jumla ya kilo 160, kwa sentimita 23 hivi. Hicho ni kimo cha jiwe ambalo lingeweza kumwangusha.

Chanzo cha mkwaruzo

Uzito huo hauna budi kupata nafasi ndani ya kifuniko, nacho kifuniko hutengenezwa chembamba ili pikipiki isiwe pana na kukwama kati ya mawe. Hapo ndipo tatizo huanza. Ukingo wa flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 14, kwa mizunguko 6,000, husafiri mita 44 kwa sekunde. Ukigusa kifuniko cha alumini huikwangua, na vumbi la chuma kutoka kwenye flaiwili hunaswa na sumaku karibu na koili. Kifuniko kikitoboka, maji ya mto huingia na cheche hupotea.

Hata hivyo, si kila mkwaruzo husababishwa na pete mpya. Huenda jiwe limebonyeza kifuniko. Huenda gasketi iliyowekwa ni nyembamba kuliko ya awali. Nati ya flaiwili yaweza kuwa imelegea, au beringi za krenkshafti zimechakaa. Fundi anayechonga kifuniko kabla ya kuchunguza beringi hunyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa.

Joto nalo hutoa fununu. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma. Kwa hiyo, injini ipatapo joto sawasawa, kifuniko husogea mbali kidogo na flaiwili. Mkwaruzo unaopungua injini ikipata joto waonyesha mwanya mdogo tu. Unaozidi waonyesha sehemu iliyolegea, kama vile beringi inayocheza katika tundu lake la alumini lililotanuka.

Kupima

Kwanza plagi hutolewa na gia huwekwa huru. Fundi hushika flaiwili na kujaribu kuitikisa juu na chini, kisha huizungusha polepole akitazama kama ukingo wake unayumba. Kama kuna mchezo wa juu na chini unaohisika mkononi, beringi zibadilishwe kwanza.

Baada ya hapo ukingo na uso wa flaiwili hupakwa grisi kidogo, na vidonge vya plastisini hubandikwa mahali kadhaa ndani ya kifuniko. Kifuniko hufungwa pamoja na gasketi yake, skrubu zote hukazwa, na injini huzungushwa kwa mkono. Kifuniko kikifunguliwa, plastisini hukatwa kwa wembe na unene wake hupimwa. Mahali penye unene mdogo kabisa ndipo penye mwanya halisi. Mwanya huo ni lazima uzidi jumla ya mchezo wa beringi, myumbo wa flaiwili, na kiasi ambacho kifuniko hubonyea kikigongwa na jiwe.

Kurekebisha

Ikiwa uso wa flaiwili ndio unaogusa, gasketi nene zaidi yatosha. Lakini gasketi haiongezi mwanya wa pembeni, kwa kuwa husogeza kifuniko kwa nje tu. Ukingo ukigusa, kifuniko hunyooshwa ikiwa kimebonyea, au huchongwa kwa ndani kwa tupa na msasa, huku unene uliobaki ukipimwa mara kwa mara.

Kupunguza chuma upande mmoja wa flaiwili ni kosa kubwa. Gramu 5 zikiondolewa sentimita 6 kutoka katikati, kwa mizunguko 6,000 huzuka kani ya nyutoni 118, sawa na uzito wa kilo 12, inayovuta beringi katika kila mzunguko. Pete ipunguzwe kwenye mashine ya kereza, kwa duara kamili.

Aidha, flaiwili isigongwe kwa nyundo wakati wa kuitoa. Hukaa juu ya ncha yenye umbo la pia, na hutolewa kwa kifaa ambacho mafundi hukiita pula. Nyundo hupinda krenkshafti na kudhoofisha sumaku. Wakati wa kuirudisha, ncha na tundu vifutwe grisi yote, kwa maana kinachoishika flaiwili ni msuguano wa nyuso hizo mbili. Kabari ndogo iliyopo huonyesha mahali pake tu.

Mwishowe kipimo cha plastisini kirudiwe. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini ndani yake mna usalama wa injini, na wa mguu wa mwendeshaji ulio karibu nayo.