Ufafanuzi Upya wa Tatizo katika Mradi wa Kundi: Fikra za Usanifu na Mfano wa Wanafunzi wa Stanford

Fikra za usanifu ni mbinu ya kutatua matatizo inayoanzia kwa mtumiaji na mazingira yake. Taasisi ya Usanifu ya Hasso Plattner katika Chuo Kikuu cha Stanford imeieneza kwa hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kufafanua tatizo, kuzalisha mawazo, kuunda sampuli na kuijaribu. Makala haya yanajenga hoja kwamba katika mradi wa kundi la wanafunzi, hatua ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, ingawa haionekani kwa urahisi katika zao la mwisho.

Mwaka 2007, Jane Chen, Linus Liang, Rahul Panicker na Naganand Murty, waliokuwa wanafunzi Stanford, walipewa kazi ya darasani ya kusanifu inkubeta ya bei nafuu kwa ajili ya watoto njiti katika nchi maskini. Inkubeta ya kawaida iliweza kugharimu takriban dola 20,000 za Marekani. Kwa jinsi kazi ilivyoelezwa, jibu lilielekea kuwa kupunguza gharama ya mashine iliyokuwapo.

Liang aliposafiri kwenda Nepal, alikuta inkubeta za hospitali ya mjini zikiwa tupu. Watoto wengi waliozihitaji walizaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme wa uhakika. Swali likabadilika: si tena namna ya kushusha bei ya inkubeta, bali namna ya kumhifadhia joto mtoto njiti aliye kijijini. Kundi lilisanifu mfuko mdogo wa kulalia wenye pakiti ya nta maalumu. Nta hiyo ikishayeyushwa, hutoa joto polepole inapoganda, na humweka mtoto karibu na nyuzijoto 37 kwa saa kadhaa bila umeme wa mfululizo.

Majaribio nayo yalizaa swali jingine. Nchini India, katika jimbo la Maharashtra, mama mmoja alieleza kwamba akiagizwa kupasha hadi nyuzi 37, angeishia 30 kwa tahadhari, kwa kuwa dawa za kisasa aliziona kuwa kali mno. Kwa mtoto njiti, tofauti hiyo ni hatari. Hivyo basi, tarakimu ziliondolewa katika kipimo, na mahali pake ikawekwa ishara inayoonesha tu kama joto linafaa au halifai.

Mfano huu una mambo matatu ya kuzingatiwa na watahini. Kwanza, kundi likigawana hatua, mmoja akahoji, mwingine akachora na wa tatu akaandika, ushahidi wa uwandani hubaki kwa aliyeuona. Aliyeziona inkubeta tupu alikuwa mmoja; uchunguzi wake ulipata thamani ulipokuwa mali ya kundi zima. Pili, mtahini anayelinganisha zao na swali la awali pekee angehukumu kwamba wanafunzi hawa walishindwa, kwa kuwa hawakuunda inkubeta waliyoagizwa. Tatu, sampuli ni chombo cha kuuliza kabla ya kuwa jibu. Kasoro iliyogunduliwa kwayo ni matokeo yanayostahili kuripotiwa.

Hata hivyo, si kila badiliko la swali ni ufafanuzi upya. Kundi linaloacha swali gumu na kuchukua jepesi, bila ushahidi kutoka kwa watumiaji, limekwepa kazi. Ili mtahini aweze kutofautisha hali hizi mbili, ripoti ya kundi haina budi kubainisha swali la awali, ushahidi uliolitikisa, swali jipya, na mchango wa kila mwanakundi katika uamuzi huo. Bila kumbukumbu hiyo, alama hutolewa kwa kifaa, ilhali fikra iliyokizaa haijatahiniwa.