Mama, Umegeuza Mayai?

Sisi tuliovukia Busia na Malaba mwaka 2008, tukapokelewa Mulanda kule Tororo kabla ya kuletwa Kiryandongo, kware si mgeni kwetu. Waluhya humwita isindu, Waluo aluru. Wazee walitundika vikapu juu ya nguzo ndefu, kware wa ndani akiimba wenzake wanakuja kunaswa.

Lakini huyu wa kufugwa ni mvivu. Anataga vizuri, kulalia hataki. Basi ni mashine, au kuku.

Mara ya kwanza niliweka mayai 40 kwenye mashine ya sanduku. Joto nililichunga, digrii 37.5, na maji nikaweka. Kugeuza? Nilipokumbuka tu. Siku ya 18 wakatoka vifaranga sita. Nikapasua yaliyobaki: mengi yalikuwa na kifaranga kidogo kilichogandia upande mmoja wa ganda.

Sababu ni hii. Kiini cha njano ni chepesi kuliko ute mweupe, kwa hiyo hupanda juu, na kifaranga kinachoanza kiko juu ya kiini. Yai likikaa vilevile muda mrefu, kifaranga hugusa ngozi ya ndani ya ganda, kinagandia, kinakufa. Wiki ya kwanza ndiyo hatari zaidi.

Sasa nachora X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli. Tunageuza mara tatu au tano kwa siku, isiwe nne, ili usiku ule mrefu yai lisilalie upande uleule kila siku. Usizungushe kuelekea upande mmoja tu. Leo kulia, baadaye kushoto. Mikono iwe safi, bila mafuta. Kwetu kazi hii ni ya watoto, na wananidai mimi zamu yangu!

Siku ya 15 acheni kugeuza. Kifaranga anajipanga kutoka, na kifuniko kisifunguliwe ovyo.

Ila msikope pesa kununua mashine. Mnakumbuka Kenya, yai la kware lilifika shilingi 100, halafu mwaka 2014 bei ikaanguka, watu wakabaki na ndege.

Kama una kuku mdogo wa kienyeji anayeatamia, mpe yeye. Hugeuza mwenyewe kwa mdomo, mchana na usiku. Kuku mkubwa hapana: yai la kware ni gramu 10 hivi, atalivunja.