Kompyuta ya Fundi, Waranti ya Nani?

Mnunuzi wa kompyuta ya mezani anayezunguka Kariakoo au Luthuli Avenue huanza na hesabu nyepesi. Anajumlisha bei ya prosesa, madabodi, RAM, SSD, pawa saplai na keisi, kisha analinganisha na mashine ya HP au Dell iliyo tayari kwenye boksi. Jumla ikitoka chini, anamtafuta fundi amuundie. Hesabu hiyo si ya uongo, ila imesahau kitu ambacho kiwanda kilishakiweka ndani ya bei na fundi hakukiweka: nani atawajibika mashine ikigoma kuwaka miezi saba baadaye. Katika biashara ya kumuundia mtu kompyuta, bidhaa ghali kuliko zote ni uwajibikaji huo, na mafundi wengi wanautoa bure.

Tazama waranti yenyewe inavyofanya kazi. Kompyuta ya kiwandani ina namba moja ya utambulisho, risiti moja na mlango mmoja wa kubisha hodi. Ya fundi ina waranti lukuki, kila moja na kampuni yake, muda wake na masharti yake. Prosesa ya Intel iliyouzwa ndani ya boksi lake kwa kawaida huja na waranti ya miaka 3 kutoka kwa mtengenezaji. Ile ile ikiuzwa tupu bila boksi, kama maduka yanavyofanya ili kupunguza bei, mnunuzi hurudishwa kwa aliyemuuzia. Halafu kuna kazi ya kumjua mkosaji: kompyuta inayozima ghafla inaweza kuwa na RAM mbovu, pawa saplai dhaifu au madabodi yenye hitilafu, au ni umeme wa nyumba unaopanda na kushuka. Kupata jibu, fundi hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa vifaa vya akiba, na siku inakwisha bila kampuni yoyote kumlipa. Aliyetoza ujira wa mara moja wa kuunda anajikuta ameuza huduma ya miaka. Anayemuundia rafiki kwa hisani yuko pabaya zaidi, kwa kuwa risiti ni za maduka tofauti na yeye hata si muuzaji, lakini simu ya usiku anapigiwa yeye.

Leseni nayo ina hadithi yake. Kwa rejareja Microsoft imekuwa ikiuza Windows 11 Home kwa dola 139 na Pro kwa dola 199. Viwanda vikubwa vina mikataba yao, na leseni imo ndani ya bei ya mashine. Kwenye makadirio ya fundi mstari huo mara nyingi haupo, kwa sababu ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Mteja wa nyumbani anaweza kufumba macho. Ofisi inayokaguliwa haiwezi.

Wanaotetea mashine za fundi wana hoja nzito, na ni kweli viwanda navyo vinabana. Mashine nyingi za bei ya chini hutoka na kijiti kimoja cha RAM pale ambapo viwili vingeipa prosesa njia mbili za kusoma kumbukumbu. Madabodi ya OptiPlex nyingi za Dell hayatumii plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ikiungua huwezi kuvuka barabara ukanunua yoyote. Mhariri wa video, msanifu majengo au mpenzi wa gemu atahudumiwa vizuri zaidi na fundi anayechagua kila kifaa kwa kazi inayokusudiwa, na anastahili kulipwa kwa ujuzi huo. Lakini wanunuzi wengi wanaandika barua na ankara. Kwao mshindani halisi wa fundi ni mtumba: mashine za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani, zikasafishwa na kuuzwa upya. Huko nako kuna mtego. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. OptiPlex 7050 ina vizazi vya 6 na 7, hivyo haimo kwenye orodha ya Microsoft. 7060 imo, na asiyesoma kibandiko anaweza kuziona ni mashine moja.

Wapo pia wanaosema waranti ya kiwandani haifiki huku, hasa kwa mzigo uliopitia njia za pembeni. Ni kweli mara nyingi, ila jambo hilo hupimika kabla ya kulipa: namba ya mashine ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho ya waranti huonekana, na duka lisiloruhusu hilo limeshajieleza.

Inabaki hoja ya bei, ambayo ndiyo iliyoyumba kuliko zote. Mwaka 2020 na 2021 kadi za picha zilipoadimika, kuna walionunua kompyuta nzima ya kiwandani ili tu wapate kadi iliyomo. Mwishoni mwa 2025 zamu ikawa ya RAM: vituo vya data vya akili mnemba vilimeza uzalishaji wa Samsung, SK hynix na Micron, wanaotawala soko hilo, na Desemba Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Viwanda vikubwa hununua kumbukumbu kwa mikataba, hivyo angalau vinapata muda wa kujipanga. Fundi hununua vijiti viwili dukani kwa bei ya siku hiyo. Asipoandika kwenye makadirio yake bei itadumu siku ngapi, na asipotenga mstari wa waranti wenye bei yake, akishapokea malipo ya nusu Jumatatu na RAM ikapanda kufikia Ijumaa, pengo analijaza mwenyewe kutoka kwenye ujira wa kuunda.