Kibaba cha Dizeli Hupimwa Njiani

Wazee wetu wa pwani walikuwa na pishi na kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja, na hilo kila mtoto alilijua. Hata hivyo, mama akenda dukani kununua mchele hakutosheka na kulisikia jina la kibaba. Alitazama kwanza ni kibaba cha nani, kimejazwa hadi ukingoni au kimepunjwa, na mkono wa mwenye duka wakipangusaje. Jina la kipimo lilikuwa moja. Mikono ndiyo iliyohitilafiana.

Siku hizi kipimo kinachotusumbua ni cha mafuta ya gari. Ukenda kununua gari utaambiwa, "Hili lenda kilomita kadha kwa lita." Swali ambalo wengi hatuulizi ni hili: lenda hivyo katika njia gani?

Mimi nimeingia katika jambo hili kwa ajili ya mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kupeleka dawa katika zahanati za Kinango na milima ya Shimba. Masika yakishuka, njia za huko zisizo na lami huteleza kama sabuni. Kwa hivyo alinunua gari dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne, Mazda CX-3 ya injini ya dizeli ya lita moja na nusu, lililokwisha kutumika Japani. "Mjomba," akaniambia, "hili lanipa kilomita 21 kwa lita. Hesabu nimeshapiga." Kwa mwezi hutembea kilomita 2,000, basi aliona lita 95 zamtosha. Kwa hesabu hiyo akapatana bei ya kazi ya mwaka mzima.

Sasa, ndugu msomaji, ile 21 si uongo. Ndiyo iliyoandikwa Japani gari hilo lilipotolewa mwaka 2015. Illa ilipimwa kwa utaratibu wao ulioitwa JC08. Gari huwekwa chumbani juu ya mapipa yanayozunguka, likaendeshwa kilomita 8 kwa dakika 20. Mwendo wa wastani ni kilomita 24 kwa saa, na wa juu kabisa haufiki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Mlima hakuna, tope hakuna, wala ng'ombe wa kukatiza njia hakuna. Karatasi hiyohiyo yasema kwamba ndugu yake wa kuvuta kwa magurudumu mawili, mwenye giya za kujibadilisha vilevile, hupata kilomita 23. Zile 2 zilizopungua ndizo ushuru wa magurudumu manne: uzito wa vyuma vya ziada, na mhimili unaozunguka hadi nyuma hata pale kazi inapofanywa na magurudumu ya mbele peke yake.

Nilimshauri tupime wenyewe, na njia yake ni nyepesi. Jaza tangi hadi bomba lijikate, uandike kilomita. Tembea mpaka mafuta yakaribie robo. Rudi kwenye bomba lilelile, ujaze vilevile, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Usitegemee namba inayoonyeshwa mbele ya usukani, kwani nayo hukisia.

Tangi la kwanza lilikwisha mjini Mombasa na vichochoro vyake: kilomita 403, lita 31. Hiyo ni 13 kwa lita. La pili tulikwenda safari za Malindi na Lunga Lunga, bila haraka: kilomita 612, lita 36, yaani 17. Halafu tukapanda Nairobi, kilomita 480 kwa lita 30. Tuliporudi, njia ileile ilitutaka lita 27.

Tofauti hiyo ya kupanda na kushuka haina uchawi. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 na zaidi. Kulinyanyua gari la tani moja na nusu, pamoja na watu na mzigo, hadi kimo hicho kwataka yapata lita 2 za dizeli, mbali na zile za kwenda mbele. Ukishuka warudishiwa kiasi, lakini si zote, maana breki nazo hula sehemu yake.

Mjini nako kuna sababu zake. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi. Chujio likijaa, injini huongeza mafuta ili kulitia moto wa kiasi cha nyuzi 600, masizi yaungue. Mwenye safari ndefu halihisi hilo. Mwenye kuzima na kuwasha kila baada ya kilomita 3 hukatiza kazi hiyo, ikaanza upya, na mafuta yakateketea bila ya gari kusogea hatua. Katika barabara kuu adui ni upepo: ukitoka mwendo wa 80 ukafika 110, nguvu yake ya kukuzuia hukaribia kuwa maradufu.

Wala si sisi peke yetu tuliopata hesabu mbili. Huko Ulaya, watafiti wa shirika la ICCT walilinganisha namba za viwandani na mafuta wanayotumia madereva. Mwaka 2001 magari mapya yalikula asilimia 9 zaidi ya yalivyoandikwa. Kufikia 2015 yalikula asilimia 42 zaidi. Ndipo kuanzia 2017 wakaleta kipimo kipya, WLTP, chenye mwendo mrefu zaidi na wa kasi zaidi. Japani nayo ikakifuata mwaka 2018.

Mpwa wangu, akichanganya mji, lami na tope, hupata 15. Basi kilomita zake 2,000 zataka lita 133, si 95. Lita 38 kila mwezi zilikuwa zikitoka katika karo ya wanawe. Aliwapelekea waliomwajiri daftari lake la tangi kwa tangi, nao walipoyaona maandishi wakakubali kuongeza bei tangu mwezi wa nne. Miezi mitatu ya mwanzo aliilipa mwenyewe.

Gari hakuliuza, na alifanya vyema. Lile lake la kale la petroli halikupita 10 kwa lita, na katika tope la masika lilisukumwa na watu. Nawe unayetaka la namna hii, ichukue namba ya karatasi kwa kulinganisha gari na gari, maadamu yote yamepimwa kwa kibaba kimoja. Lakini usipatane nauli wala kazi kwa namba hiyo. Pima matangi matatu kwanza katika njia zako, ndipo utaje bei.