KUTOA NI MOYO: CHAMA CHA KOMPYUTA KILICHOANZIA BANDA LA GARI

Chama chochote cha watu, kiwe cha kuzikana, cha lelemama au cha mpira, husimama kwa mambo mawili: kile ambacho wanachama wanakuja kukichukua, na kile ambacho wako radhi kukitoa. Wachukuaji wakizidi watoaji, chama hufa hata kama kina daftari, muhuri na mwenyekiti mwenye sauti nzito. Wazee wetu walilifupisha jambo hili waliposema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu vijana wengi wa Mwambao siku hizi wanaunda vikundi vya kompyuta. Wengine hukutana skuli, wengine mitaani. Mombasa kuna mahali paitwapo Swahilipot Hub, jirani na Fort Jesus, ambapo vijana wa sanaa na vijana wa kompyuta hukutana chini ya dari moja. Na katika kila kikundi kipya, swali la kwanza huwa ni lile lile: tutapata wapi fedha, na tutapata wapi mashine?

Basi ndugu wasomaji, hebu tukitazame chama kimoja cha Marekani ambacho kilianza bila ya fedha na karibu bila ya mashine, kisha kikasaidia kuibadili dunia. Kiliitwa Homebrew Computer Club. Jina lenyewe lina mzaha ndani yake, kwani limetokana na pombe ya kupikwa nyumbani. Lakini walichokipika wanachama wake hakikuwa kileo. Zilikuwa ni kompyuta.

USIKU WA MVUA

Siku ya Jumatano, tarehe 5 Machi 1975, mvua ikinyesha, watu 32 walijibanza katika banda la gari la mhandisi mmoja aitwaye Gordon French, katika mji wa Menlo Park, jimbo la California. Aliyeshirikiana naye kuuita mkutano huo alikuwa ni Fred Moore.

Huyu Moore hakuwa tajiri, wala hakuwa bingwa wa mitambo. Alikuwa mtetezi wa amani. Mwaka 1959, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikaa mbele ya jengo la chuo bila ya kula, akipinga wanafunzi kulazimishwa kufuata mafunzo ya kijeshi. Imani yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: kwamba watu wakikutanishwa, kila mmoja akasema anachokijua na anachokihitaji, mengi ambayo hununuliwa kwa fedha yatapatikana kwa ujirani.

Wakati huo kompyuta ilikuwa ni mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida kumiliki kompyuta yake nyumbani ilikuwa ni kama mvuvi wa ngalawa kudai meli. Walakini Januari ya mwaka huo huo wa 1975, gazeti la Popular Electronics lilitoa katika jalada lake picha ya mashine iitwayo Altair 8800. Iliuzwa na kampuni ndogo ya MITS ya mjini Albuquerque kwa bei isiyofika dola 400, na mnunuzi aliletewa vipande akaviunga mwenyewe.

Asiyeijua Altair asidhani ilifanana na kompyuta tunazoziona leo. Haikuwa na kioo cha kusomea wala vibonye vya herufi. Ilikuwa ni sanduku lenye safu za swichi na taa ndogo nyekundu. Ukitaka kuipa amri, unapandisha na kushusha swichi moja baada ya moja. Ukitaka jibu, unazitazama taa zipi zimewaka na zipi zimezima. Kumbukumbu yake ilipotoka kiwandani ilikuwa na nafasi ya herufi 256 tu, ambazo hazitoshi hata kuandikia beti mbili za shairi.

Hata hivyo watu walizigombania, na maagizo yakafurika. Mwanachama mmoja, Steve Dompier, alisafiri kwa ndege mpaka Albuquerque kwenda kuona mwenyewe mashine aliyoiagiza imefikia wapi.

BARAZA LENYE UTARATIBU

Watu 32 wa usiku ule wakawa mamia. Banda halikutosha. Baada ya kuhamahama, chama kikawa kinakutana kila baada ya majuma mawili katika ukumbi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford. Hakikuwa na malango ya kuzuia watu. Walikuja wahandisi, wanafunzi, walimu na wapenzi wa redio. Aliyetaka kusikiliza alikaa, na mwenye la kusema alisema.

Mwendeshaji wa mikutano alikuwa ni Lee Felsenstein. Miaka miwili kabla, mwaka 1973, huyu na wenzake walikuwa wameweka chombo cha kuchapia katika duka la sahani za santuri huko Berkeley, kikaunganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco, ili mpita njia yeyote aandike tangazo lake au asome la mwenzake. Waliuita mpango huo Community Memory, yaani kumbukumbu ya jamii. Kwa hivyo Felsenstein alikuwa tayari ameshajua kwamba watu wakipewa chombo na nafasi, watajua wenyewe la kuambiana.

Mikutano yake aliigawa sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, mtu husimama akataja shida yake au habari aliyo nayo: huyu anatafuta kifaa fulani, yule amekwama katika mchoro, na mwengine amesikia wapi chipu zinauzwa rahisi. Wanaohusika hunyoosha mikono ili waonekane. Sehemu ya pili ilikuwa ni ya kutawanyika ukumbini, kila mtu akamwendea yule aliyemwona, na hapo vitu, karatasi na maarifa vikabadilishana mikono. Anayelijua baraza la Mwambao ataona kwamba si jambo geni. Tofauti ni kwamba hawa walihakikisha kila mwenye shida amemjua mwenye dawa kabla ya kwenda nyumbani.

MASHINE ILIYOIMBA

Mwezi wa Aprili 1975, yule Dompier aliyepanda ndege alileta Altair yake mkutanoni. Akaketi sakafuni akipandisha na kushusha swichi, moja moja, kwa subira ya msuka mkeka. Pembeni aliweka redio ndogo. Alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi hutoa mtikisiko ambao redio iliyo karibu huunasa, na kwamba hesabu zikipangwa sawasawa mtikisiko huo huwa ni sauti za muziki.

Alipomaliza, redio ikaimba wimbo wa Beatles uitwao The Fool on the Hill. Watu walishangilia kwa nguvu. Wenye mashine kama ile walikuwa wakiulizana itawafaa nini, na mwenzao amekuja kuwaonyesha kwamba inaimba. Kisha Dompier hakuificha siri yake, bali aliandika namna alivyofanya ili kila mwenye Altair aweze kujaribu.

Mwengine aliyekuwepo tangu usiku wa kwanza ni Steve Wozniak, mhandisi kijana wa kampuni ya Hewlett-Packard. Kutoka mkutano ule alirudi nyumbani na karatasi iliyoeleza kazi za maikroprosesa, yaani ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na fikra zikamjia. Mwaka huo huo ilitoka maikroprosesa iitwayo 6502 kwa bei ya dola 25, na kwa hiyo akaunda kompyuta ambayo ingeweza kutumia vibonye vya herufi na kioo cha televisheni. Michoro yake aliigawa bure kwa wanachama, na aliyeshindwa kuiunga alimsaidia.

Rafiki yake Steve Jobs ndiye aliyeona kwamba wengi wanaipenda michoro lakini hawana muda wa kuunga, basi bora wauziwe kitu kilichokwisha tengenezwa. Kampuni ya Apple ikaanzishwa tarehe 1 Aprili 1976. Agizo lake kubwa la kwanza, la kompyuta 50, lilitoka kwa mwenye duka aliyekuwa akihudhuria mikutano hiyo hiyo.

KANDA ILIYONAKILIWA

Mpaka hapo habari ni tamu. Sasa tuje kwenye uchungu wake.

Altair haikuwa na faida kubwa bila ya programu. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, pamoja na mwenzao Monte Davidoff, waliitungia lugha ya BASIC, ambayo ilimwezesha mtu kuipa mashine amri kwa maneno badala ya swichi. MITS ikaiuza. Lakini aliyeitaka peke yake alitakiwa dola 500, yaani zaidi ya bei ya mashine yenyewe. Aliyeinunua pamoja na vifaa vya kumbukumbu vya kampuni alipunguziwa sana, ila vifaa hivyo vilikuwa na sifa mbaya ya kutofanya kazi.

Katikati ya mwaka 1975, MITS ilifanya maonyesho huko Palo Alto. Hapo kanda moja ya karatasi iliyotobolewa matundu, ambayo ndiyo iliyobeba programu ile, ikatoweka. Haikupita muda kanda zake zilizonakiliwa zikagawiwa katika mkutano wa chama, na aliyechukua moja akatakiwa arudi na zaidi ya aliyoichukua ili wengine nao wapate.

Tarehe 3 Februari 1976, Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wote wa kompyuta. Hakuzunguka mbuyu. Alisema wengi wao ni wezi wa programu. Alisema ni chini ya mmoja katika kila wenye Altair kumi aliyeinunua BASIC, na kwamba ukigawanya malipo waliyoyapata kwa saa walizofanya kazi, saa moja haifiki dola mbili. Akauliza: ni nani atakayekubali kufanya kazi ya ustadi bila ya kulipwa?

Wanachama wengi walikasirika. Wengine walisema bei ni ya kunyonya. Wengine walisema walilipa na bado wakasubiri. Wengine walijiona wametukanwa kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Sisi watu wa Mwambao hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali. Nani asiyezikumbuka zama za kaseti? Taarabu mpya ikitoka, mmoja ananunua na mtaa mzima unanakili. Mwimbaji husikika katika kila harusi, naye nyumbani kwake hana wa kumlipia kodi. Mtungaji wa maneno ndiyo kabisa: shairi lake huimbwa na watu wasiolijua hata jina lake. Na sisi tuliita huko ni kupendwa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ambayo makelele ya wakati ule yaliifunika. Wozniak alipogawa michoro yake, alitoa chake. Dompier alipoieleza siri ya muziki wake, alitoa chake. Aliyenakili ile kanda alitoa cha mwenziwe. Vitendo hivyo hufanana machoni, kwani katika vyote mtu anampa mtu kitu bila ya kutaka malipo. Lakini cha kwanza ni ukarimu, na cha pili ni ukarimu wa mfuko wa jirani.

JAWABU LA DOLA TANO

Lililo zuri ni kwamba wapenzi hao wa kompyuta hawakuishia kwenye hasira. Kundi la People's Computer Company, lililokuwa na uhusiano wa karibu na chama, lilikuwa limeshaanza kuchapisha maelezo ya namna ya kuunda BASIC ndogo, Tiny BASIC, ili kila mwenye ujuzi aiunde yake na kuwapa wengine kwa halali. Mwanachama mmoja, Tom Pittman, akachukua njia ya tatu. Alitunga Tiny BASIC yake mwenyewe akaiuza kwa dola tano tu. Alitaka kuonyesha kwamba bei ikiwa ya haki, watu watanunua badala ya kuiba. Na walinunua.

Dola zake tano, nionavyo mimi, zilikata shauri bora kuliko barua zote za hasira. Mtunzi alipata ujira, na mnunuzi hakukamuliwa.

Chama kiliendelea hadi Desemba 1986. Ndani yake yalitoka makampuni mengi, na biashara ilipoingia siri nazo zikaingia. Waliokuwa wakisimama kusema wanachokitengeneza wakaanza kunyamaza, kwa kuwa aliyekaa kiti cha jirani sasa ni mshindani. Kwa upande mmoja chama kilifaulu, kwani kompyuta zilifika majumbani. Kwa upande mwengine, kufaulu huko ndiko kulikokausha kile kisima kilichowanywesha wote.

Vijana wetu wanaounda vikundi leo wana mashine zenye nguvu ambazo wale wa Menlo Park hawakuziota. Watakachokipungukiwa, kama watapungukiwa, si vyombo. Mimi ningewashauri kila mkutano wauanze kama alivyouanza Felsenstein: kila mtu aseme anachokihitaji na anachokijua, na asiondoke kabla ya kumjua wa kumsaidia. Na wakigawana, wajiulize kwanza: hiki ninachokitoa ni changu?

Chama si mlango wazi, wala kiti cha kukaa,
Ni ujuzi kwa ujuzi, kukutana na kufaa,
Uchoyo ni kizuizi, huzima iliyo taa,
Na aliyefanya kazi, naye asife na njaa.