Mama Aliyekesha Juu ya Mwamba

Sisi tuliosomeshwa chuoni tulianza kuijua huzuni kwa Nabii Yaakub, ambaye Sura ya Yusuf inatueleza kuwa macho yake yaliingia weupe kwa majonzi ya mwanawe. Taurati ya Mayahudi nayo, katika kitabu cha Mwanzo, inasema watoto wake wote waliinuka kumliwaza, naye akakataa kuliwazwa. Wala Kitabu hakimkemei.

Lakini kisa kinachonishika zaidi ni cha mwanamke asiyetamka hata neno moja. Ni Rispa, suria wa Mfalme Sauli, anayetajwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Njaa ilikuwa imeikamata nchi kwa miaka 3. Wagibeoni walidai kisasi cha damu yao iliyomwagwa na Sauli, ambaye sasa alikuwa amekwisha kufa, na Mfalme Daudi akawatolea watu 7 wa ukoo wake, wakatundikwa mlimani. Wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Vijana hao walikuwa na kosa gani? Kitabu hakitaji hata moja.

Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hata mvua ikanyesha. Mchana aliwafukuza ndege, usiku wanyama wa mwitu. Kuwafufua wanawe hakuweza; aliweza kukataa wasiliwe.

Habari zikamfikia Daudi. Hakumpelekea mjumbe wa kumnyamazisha. Alikwenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani huko Yabesh-Gileadi, na mifupa ya wale 7 ikakusanywa, na maziko yakafanywa katika nchi ya Benyamini, kaburini mwa Kishi, babaye Sauli. Ndipo Mungu alipoyasikia maombi ya nchi: baada ya maziko, si baada ya kule kutundikwa.

Mwaka mmoja nilitumwa kutoa rambirambi za chama katika matanga ya kijana aliyepotea baharini. Nilisema kwa kirefu, kama ilivyo desturi yetu, nikamhimiza mama yake ajikaze, kwani kazi ya Mungu haina makosa. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza ni lini mashua zitatoka tena kumtafuta mwanawe. Sikuwa na jibu. Hata kuuliza huko nilikotoka sikuwa nimeuliza.